Mlango Aliouongeza Mbayuwayu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, jicho liliingia ardhini.

Lilielea kwanza juu ya paa la kituo cha lifti, likazunguka mara moja kama linalotafuta pa kupenyea, kisha likateremka ndani ya shimo lenye kina cha mita sitini. Kuta za mwamba zilipita pande zote. Chini kabisa likatulia, likasogea mbele kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na Mtaa wa Chini ukafunguka mbele yake: barabara moja iliyonyooka, nyumba kushoto na kulia, taa zenye mwanga wa asubuhi, mabomba ya hewa darini, mwanamke mwenye ndoo, watoto wawili wakifukuzana. Juu ya mlango wa nyumba ya tatu palitundikwa kipimajoto. Kilisoma nyuzi ishirini na nne.

Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichokuwapo. Mtaa wa Chini ulikuwa bado jiwe tupu chini ya jiji la Dodoma, na mashine za kulichimba zilikuwa zimepangwa uani, zikisubiri amri; jiwe la pale lilikuwa laini, kazi ya siku chache tu. Jicho lenyewe lilikuwa hesabu tu: mahali, mwelekeo na mwendo, picha tisini kwa kila sekunde, zikichorwa na programu iliyoitwa Mbayuwayu kutoka kwenye modeli ya kihandisi ambayo Loyce Ndahani na wenzake walikuwa wameijenga kwa miaka minne.

Loyce alisimama nyuma ya chumba cha maonyesho, miwani ya safari usoni. Miwani hiyo ilimfanya kila aliyeivaa aone kile jicho lilichokiona, na kuhisi kwamba ni yeye anayeteremka.

"Wallahi nimesikia harufu ya ubwabwa pale nyumba ya pili," alisema Kombo Makame, fundi wa filamu za mruko. Alikuwa Mpemba mwenye mwili mkubwa na sauti nyembamba, na hakujua kukaa kimya kwa muda mrefu.

"Basi imekubali," alisema Mkurugenzi Elinami Mnzava, naye akicheka. "Haya, tuonyeshe na huyo mwingine tumalize."

Mwingine, programu ya pili iliyoshindania kazi hiyo, aliitwa Popo. Kombo aliipakia modeli ileile, akaweka njia ileile, na jicho likateremka tena. Safari hii kuta hazikuwa na rangi. Nyumba zilikuwa maboksi. Mwanamke wa ndoo hakuwapo, wala watoto. Pale ambapo wahandisi hawakuchora kitu, Popo naye hakuchora kitu, aliacha weusi. Weusi huo ulikaa juu ya milango, nyuma ya mabomba, katika pembe za dari, kama masizi.

Mkurugenzi alivua miwani kabla jicho halijafika nusu ya barabara.

"Hii ni filamu au ni msiba?"

Swali lilikuwa na haki yake. Sheria ya makazi ilitaka kwamba kabla ya mtaa wowote kuhamishiwa chini, wakazi waitwe kwenye kikao, waonyeshwe filamu ya mruko iliyotokana na modeli ileile itakayoongoza mashine za kuchimba, kisha wapige kura. Kikao cha Mtaa wa Mabati kilikuwa siku hiyohiyo, saa nane mchana. Ofisi ya Makazi ya Chini ilipaswa kuchagua programu moja asubuhi hiyo, na filamu ya mwisho ipikwe, yaani ichorwe yote picha kwa picha, kabla ya adhuhuri. Programu itakayochaguliwa ingetumika pia kwa mitaa mingine yote iliyokuwa ikisubiri zamu.

Ugumu wa uchaguzi ulitokana na uzito. Modeli ya kihandisi hubeba kila kitu, mpaka misumari ya bawaba na nati za mabomba, na hakuna kompyuta inayoweza kurusha jicho ndani ya mzigo wa namna hiyo bila kukwama. Kwa hiyo ofisini walikuwa na desturi ya kuinyoa modeli kabla ya kuipika. Kila kilichokuwa chini ya kipimo fulani kiliondolewa: swichi, vishikio, vizima-moto, alama za ukutani. Kilichobaki kilikuwa chepesi na kilikuwa na upara. Popo aliurusha upara huo kama ulivyo. Mbayuwayu aliuotesha nywele. Alikuwa amefunzwa kwa picha za mamilioni ya majengo ya duniani, na alipoona ukuta mtupu pembeni mwa mlango, alijua kwamba watu huweka swichi hapo, akaiweka. Mara nyingi alipatia. Watu wa ofisi walikuwa wameizoea hali hiyo kiasi kwamba mtu akiona kwenye filamu kitu asichokikumbuka, alisema kimenyolewa kikaota tena, akaendelea na kazi yake.

Ndivyo Kombo alivyosema Loyce alipomwomba airudishe filamu ya Mbayuwayu mpaka mwisho wa barabara.

"Upi, dada? Huu mlango? Utakuwa umenyolewa."

Ulikuwa mlango wa kijani, baada ya nyumba ya mwisho upande wa kushoto. Ulikuwa wazi nusu. Nyuma yake ngazi zilipanda, na juu ya ngazi ulionekana mwanga wa jua.

"Mlango haunyolewi," Loyce alisema. "Ni mkubwa mno."

"Basi labda fremu yake. Fremu imenyolewa, Mbayuwayu akaona tundu, akalitia mlango."

Maelezo hayo yaliwezekana. Loyce aliyapima, akayaona yana mantiki, na bado akaenda kwenye meza yake kuifungua modeli kamili, ile isiyonyolewa. Ilichukua muda kufunguka. Alisogeza mshale mpaka mwisho wa barabara, upande wa kushoto.

Mwamba. Hapakuwa na fremu, wala tundu, wala ngazi.

Alikaa akiutazama. 

Kwenye michoro ya kwanza kabisa palikuwa na njia ya pili ya kutokea, upande huohuo. Wanajiolojia walipotoboa waliukuta mwamba wa pale umepasukapasuka, na njia ikafutwa. Badala yake kikawekwa chumba cha hifadhi: mlango mzito usiopitisha moshi, viti, na hewa ya kuwatosha wakazi wote kwa saa sita, mpaka waokoaji washuke kwa shimo la lifti. Kanuni ziliruhusu. Loyce mwenyewe ndiye aliyekichora. Sasa alirudi kwenye filamu kukitafuta chumba hicho, akakikuta. Mbayuwayu hakuwahi kujifunza chumba cha namna hiyo katika majengo yake yote, kwa hiyo alikuwa ametundika kamba ndani yake na kuanika nguo.

"Futa ule mlango," alimwambia Kombo.

Kombo aliufuta. Ilikuwa kazi ya kuchagua sehemu na kuandika agizo fupi: ukuta mtupu. Wakapika kipande hicho upya. Mlango ulikuwa umeondoka. Upande wa kulia wa barabara, mahali palipokuwa na ukuta mtupu tangu mwanzo, palikuwa na ngazi.

"Kha!" alisema Kombo. Akafuta ngazi.

Ikaja kamba ya chuma ya kupandia, ikitokea kwenye tundu la dari. Akaifuta nayo, akaandika agizo kwa herufi kubwa: kuta mbili tupu, dari tupu, hakuna njia. Wakapika. Kuta zilikuwa tupu, na dari pia. Lakini kwenye ukuta wa mwisho, pale barabara ilipokomea, Mbayuwayu alikuwa ameweka alama ndogo ya kijani inayowaka, yenye picha ya mtu anayekimbia na mshale. Mshale ulielekea kwenye jiwe.

Kombo hakufanya mzaha tena. Alifuta jasho kwenye paji la uso.

"Hakubali," alisema. "Katika majengo yote aliyoyaona, hakuna barabara ndefu hivi inayoishia ukutani. Anadhani sisi ndio tumesahau."

Loyce alikwenda kwa Mkurugenzi. Mnzava alikuwa mhandisi kabla hajawa mkurugenzi, na alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akawasha skrini ya ukutani iliyoonyesha ramani ya joto la jiji. Mtaa wa Mabati ulikuwa na rangi ya damu ya mzee. Ulikuwa mtaa wa nyumba zilizobanana, zenye mapaa ya bati yaliyoishiwa rangi zamani, na katika msimu wa joto uliopita ulikuwa umezika watu wengi kuliko mtaa mwingine wowote.

"Msimu unaanza wiki ijayo," alisema. "Niambie wewe, maana hesabu umezifanya wewe. Mzee wa miaka sabini. Yuko salama zaidi wapi, chini kwenye mlango mmoja na chumba cha hifadhi, au juu chini ya bati?"

"Chini."

"Kwa tofauti ndogo?"

"Kubwa sana."

"Basi. Nikiwapelekea lile pango la Popo watakataa. Wakikataa wanabaki juu. Alama ya kijani kwenye ukuta haijamuua mtu bado, Mhandisi. Bati limeua." Alivuta pumzi. "Turudishe filamu ya kwanza, ile yenye mlango, ndiyo inayopendeza. Weka maandishi chini: picha ni kielelezo. Sheria inasema filamu itokane na modeli. Imetokana na modeli."

"Mlango haukutokana na modeli."

"Basi utachimbwa baadaye, tukipata mwamba mzuri. Nenda kajiandae. Wewe ndiye utakayewaongoza, wanakufahamu."

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito. Mwenyekiti wa Mtaa wa Mabati aliitwa Yudita Chilewa, na alikuwa mdogo wake mama yake Loyce. Loyce alikuwa amesoma sekondari yote akilala kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake, chini ya bati hilohilo. Mume wa Mama Yudita alikufa msimu uliopita, alasiri, ameketi kwenye kiti chake huku redio ikizungumza. Tangu hapo Mama Yudita alivaa bangili ya joto, kidude cha hospitali kinachosoma joto la damu na mapigo ya moyo na kupiga kengele vikizidi kipimo. Mwezi uliopita ilikuwa imepiga kengele mara kadhaa. "Wewe ukiniambia kuko salama, mimi nashuka," alikuwa amemwambia Loyce. "Na nikishuka mimi, mtaa wote unashuka. Hao wengine wananitazama mimi, na mimi nakutazama wewe."

Loyce hakuwa mtu wa kuamini hisia. Aliketi akazirudia hesabu. Uwezekano wa moto chini. Uwezekano wa lifti kukwama wakati wa moto. Uwezekano wa waokoaji kuchelewa. Aliuzidisha mmoja kwa mwingine, akapata namba ndogo sana. Kisha akaweka pembeni namba ya bati. Mkurugenzi alikuwa sahihi, na hofu ya Loyce haikupungua. Alijaribu kuipa sababu kama alivyofanya kwa kila kitu, akashindwa.

Kombo alipita mezani kwake na mkoba wa vifaa.

"Nimempika na Popo," alisema taratibu. "Hakuchukua muda. Yule hana cha kubuni."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimezoea kubeba akiba."

Ukumbi wa shule ya Mtaa wa Mabati ulikuwa na mapangaboi manne, na mawili tu ndiyo yaliyozunguka. Watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Mama Yudita alikaa mbele, kitenge mabegani, bangili ikiwaka kijani kwenye mkono uliokonda. Alimwona Loyce akaguna kwa furaha.

"Mhandisi wangu. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo. Haya, tushushe."

Miwani ziligawiwa. Jicho likaelea juu ya kituo cha lifti, likazunguka, likateremka. Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja. Walipofika chini na kuona kipimajoto, mtu fulani alisoma kwa sauti, "Ishirini na nne!" na wengine wakapokea kama wimbo. Mzee mmoja alinyoosha mikono mbele yake kujaribu kushika bomba la hewa, akamkamata mwenzake shingo, watu wakacheka. Jicho lilitembea mpaka mwisho wa barabara, likautazama mlango wa kijani na mwanga wake, likageuka. Makofi yalipigwa kwa muda.

Mkurugenzi alisimama. "Kama hakuna maswali—"

"Lipo langu," alisema Mama Yudita, akisogeza miwani kwenye paji la uso. "Jeneza linapita wapi?"

Watu wachache walicheka, lakini wengi waliitikia kwa kichwa. Katika Mtaa wa Mabati hakuna aliyepanga wala kununua nyumba bila kuuliza hivyo. Nyumba zilikuwa zimebanana kiasi kwamba baadhi ya maiti ilibidi zitolewe jeneza likiwa limesimamishwa, kichwa juu, au limelazwa ubavu, na familia iliyofanya hivyo ilisimangwa kwa miaka. Kwa hiyo mtu alipoonyeshwa chumba, kabla ya kutazama sakafu au paa, alinyoosha mikono mlangoni kupima. Ofisi ya Makazi ya Chini ilikuwa imekusanya mahitaji ya wakazi mara tatu, kwa fomu, na kwenye fomu hapakuwa na mahali pa swali hilo.

"Mlango wangu wa huku juu ni mwembamba," Mama Yudita aliendelea, "lakini mume wangu tulimtoa bila kumwinamisha. Nataka kuona huko chini itakuwaje. Libebesheni hilo jicho lenu jeneza. Litoke nyumba ya mwisho. Na tuseme siku hiyo lifti imekufa, maana hapa kwetu umeme tunaujua."

Kicheko kikubwa. Kombo alimtazama Loyce. Loyce alimtazama Mkurugenzi, naye akaashiria kwa kidole: endelea.

Kombo aliandika agizo. Mbayuwayu alilielewa mara moja. Jeneza lilitokea katika nyumba ya mwisho, jeupe, likibebwa na wanaume sita waliovaa kanzu na makoti, na kila mmoja alikuwa na sura yake. Waligeuka barabarani bila kugusa ukuta. Wakaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kijani, wakapanda ngazi polepole, jeneza likiwa limelala sawasawa, wakatokea kwenye jua. Kulikuwa na nyasi.  Mama mmoja alikuwa akifuta machozi chini ya miwani.

"Vizuri," alisema Mama Yudita kwa sauti ya chini. Kisha, kama mtu anayeulizia kituo cha basi: "Na unatokea wapi huku juu, mlango huo?"

"Mama Mwenyekiti," alisema Mkurugenzi, "kama maandishi yanavyosema hapo chini, picha ni kielelezo cha—"

"Sikukuuliza wewe, baba. Namuuliza mwanangu."

Loyce alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amelitunga garini: njia ya pili ipo katika mipango ya baadaye, mahali pake patathibitishwa. Kila neno lilikuwa la kweli. Alizitazama zile namba mbili kichwani mwake, ile ndogo na ile kubwa, na zote mbili zilikuwa zikimwambia alitoe jibu hilo. Mama Yudita alimngoja. Mkono wenye bangili ulikuwa umetulia juu ya goti.

"Hautokei popote," Loyce alisema. "Haupo."

Pangaboi moja liligonga mara moja likaendelea kuzunguka.

"Haupo namna gani? Tumepita hapo sasa hivi."

"Programu imeuongeza yenyewe. Sisi hatukuuchora. Kombo, weka Popo."

Mkurugenzi hakumzuia. Pengine hakupata muda. Jicho liliteremka kwa mara ya pili, na ukumbi ukashuka nalo kwenye kuta zisizo na rangi. Watu walisikika wakiulizana kama miwani zimeharibika. Boksi la nyumba ya kwanza, la pili, la tatu. Weusi kwenye pembe. Jicho lilifika mwisho wa barabara na kusimama mbele ya ukuta. Kombo aliliacha hapo.

Loyce alieleza. Alieleza mwamba uliopasuka, na chumba cha hifadhi, na hewa ya saa sita. Alieleza hesabu zake zote bila kuacha moja, na akasema wazi kwamba kwa maoni yake ya kitaalamu, chini kwenye mlango mmoja ni salama kuliko juu bila mlango wowote wa kulikimbia joto. Alisema hivyo mara mbili, akimtazama mama yake mdogo.

"Saa sita," alisema Mama Yudita. "Na baada ya saa sita?"

"Waokoaji wanatakiwa wawe wamefika."

"Wanatakiwa."

"Ndiyo, mama."

Mama Yudita alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaiweka mezani kwa uangalifu kama kitu cha mtu.

"Mngeanza na hii nyeusi," alisema, "labda ningeshuka. Nimeishi kwenye mlango mmoja maisha yangu yote. Lakini mmenipitisha kwenye mlango ambao haupo, nimebeba jeneza, nimelia. Sasa sijui ni nini kingine mmekipaka rangi. Hiyo ishirini na nne ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Utasema hivyo hivyo."

Kura ilipigwa kwa mikono. Waliotaka kushuka mara moja walikuwa wachache, wengi wao wenye watoto wachanga. Waliotaka kusubiri mpaka njia ya pili ichimbwe walijaza ukumbi. Mama Yudita aliunyoosha mkono wenye bangili. Alipounyoosha, taa ya bangili ilibadilika kutoka kijani kuwa manjano, kisha akaushusha ikarudi kijani.

Walirudi ofisini kwa gari moja. Mashine za kuchimba zilikuwa palepale uani, vichwa vimeinama.

"Mwamba mzuri uko mbali, upande wa kaskazini, na ni mgumu," Mkurugenzi alisema. "Miezi kumi na minne, zikichimba bila kusimama."

"Nimeona."

"Leo nitasaini Popo. Kwa mitaa yote. Tutaanza na weusi, kama alivyosema." Alifungua mlango wa gari, akabaki ameushika. "Ulikuwa sahihi kuhusu mlango, Mhandisi. Mimi nilikuwa sahihi kuhusu bati. Sasa omba mvua."

Mvua haikunyesha. Msimu ulianza siku iliyotabiriwa, na katika wiki ya kwanza Loyce alikwenda kila jioni Mtaa wa Mabati na barafu, na kila jioni alimsihi Mama Yudita aje akae kwake, kwenye ghorofa lenye kipoza hewa.

"Na mtaa nimwachie nani?" alijibu Mama Yudita. "Niliwaambia wasubiri. Nitasubiri nao." Kisha akaomba barafu nyingine, akaiweka kwenye kitambaa, akajifunga kichwani. "Vipi mlango wangu? Mmefika wapi?"

"Mita kumi na moja."

"Za kweli au za yule ndege?"

"Za kweli, mama."

"Haya. Mita kumi na moja."

Katika wiki ya pili, saa tisa na dakika tano alasiri, Loyce na Kombo walikuwa katika chumba cha maonyesho, wakimrusha Popo kwenye njia mpya ya kaskazini. Modeli ilikuwa inafuata mashine: kila kilichochimbwa kiliingia kwenye picha, kila kisichochimbwa kilibaki cheusi. Jicho lilikwenda mpaka mwisho wa kilichochimbwa, likasimama.

Simu ya Loyce ilitetemeka mkononi. Ilikuwa ishara ya bangili ya joto, nyekundu, kutoka nyumba ya Yudita Chilewa. Kipimajoto cha ndani ya nyumba hiyo kilisoma nyuzi arobaini na tatu.

Gari la wagonjwa liliingia Mtaa wa Mabati saa tisa na dakika kumi na tisa. Loyce alifika baada yake, akikimbia kutoka barabara kuu, kwa sababu gari lake halikuweza kupita. Majirani walikuwa wamesimama pande zote mbili za uchochoro. Wauguzi wawili waliingia na machela, wakakaa ndani, wakatoka wamemfunika shuka mpaka kichwani.

Machela ilipita mlangoni bila kuinamishwa.